Alama za Mkaa Mlangoni

Kila alipotoka shule, binti mmoja wa miaka kumi na mitatu alipita gatini, akakata kona kwenye vichochoro vya mtaa wa kale hadi uani kwa shangazi yake, fundi wa kuta. Hapo palikuwa na shimo la chokaa iliyolowekwa. Kazi yake ilikuwa kuikoroga kwa mti mrefu, kisha kuchora alama moja ya mkaa mlangoni. Alama zikifika arobaini, chokaa imeiva, lipu inaweza kupigwa. Saruji ilikatazwa, kuta zile za zamani zilitaka chokaa tu.

Tangu baba yake azikwe, binti alikuwa kama amekufa ganzi. Hakulia. Alikula akiambiwa ale. Siku moja alishika mti, akautazama, akaurudisha. Alama akachora. Akafanya hivyo siku kumi na mbili.

Shangazi alihesabu alama arobaini, akapiga lipu nyumba ya Bibi Posta, mzee aliyewahi kuuza stempu. Wiki haikuisha, ukuta ukatoka malengelenge, lipu ikadondoka.

“Nyumba yangu imeugua tetekuwanga uzeeni,” alisema Bibi Posta.

Mkaguzi wa mtaa, aliyekuja kuutazama ukuta, hakucheka. “Fundi, umelipua kazi. Chokaa hii haikuiva. Itabidi nichukue kibali chako.”

“Nilisubiri siku arobaini, bwana mkaguzi. Alama zipo mlangoni.”

“Basi ukuta ndio unasema uongo?”

Binti alisikia sauti yake ikitoka kama ya mtu mwingine. “Ni mimi. Siku kumi na mbili nilichora bila kukoroga.”

Mkaguzi alimtazama, akafunga daftari polepole. “Bandueni yote, mwanze upya. Kibali kibaki.”

Walibandua kutwa nzima.

“Mbona hukuniambia?” shangazi aliuliza.

“Mikono ilikuwa haitaki, shangazi.”

“Wewe umezika baba, mimi nimezika kaka. Yangu nayo kuna siku haitaki. Lakini alama yako ya uongo ilinifumba macho, tukaharibu ukuta wa mtu. Siku ukishindwa, mwanangu, acha nafasi tupu. Nikiiona, nitakoroga mimi.”

Wakafuta mlango, wakaloweka chokaa mpya. Siku ya tano binti aliacha nafasi. Kesho yake alipotoka shule, alikuta mti umelowa, na katika nafasi ile kuna alama moja, nene kuliko zake.