Nakala Sitini za Jasusi Kobe

Saa nne na nusu asubuhi.

"Kimoja," Koleo alisema. "Tunaingia, tunachukua kimoja, tunatoka."

Walikuwa watatu kwenye chumba cha nyuma cha duka la magodoro, wamekalia mali ya watu ikiwa bado kwenye nailoni. Koleo ndiye mkubwa wao. Jina alilipata kwa kung'oa makufuli, na mara mbili tatu kwa kung'oa meno. Dereva walimwita Shemeji, kwa kuwa alimuoa dada yake Gundi. Na Gundi hakuwa jambazi hata kidogo. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu.

"Kitabu cha katuni kwa bei ya nyumba?" Shemeji alicheka. "Mimi ningefungia misumari."

"Ndiyo maana kazi yako usukani. Gundi, mweleze."

"Jasusi Kobe, toleo la kwanza," Gundi alisema. "Alichora kaka yangu. Tulichapa elfu mbili, tukauza kwa bei ya kiberiti. Watu wakasoma, wakawashia moto. Zilizobaki ghalani inasemekana zilioza kwa mafuriko. Sasa watoto wa siku zile ni watu wazima wenye pesa. Wanaokitaka ni maelfu. Nakala zinazojulikana ni tatu."

"Mbili anazo mteja wetu," Koleo alimalizia. "Ya tatu iko kwa yule mwenye duka la vitabu vya zamani. Mteja akiipata, bei anaitaja yeye peke yake."

Gundi alihitajika kwa jambo moja. Siku ile ya kuchapa, mashine ya pini iliharibika. Alishona toleo zima kwa mkono, uzi mweusi, fundo limefichwa ndani ya mkunjo. Wanaoghushi huliacha nje. Hawajui.

Hakutaka gari wala shamba. Alitaka macho ya kaka yake. La kushoto lilishakufa, la kulia lilibakiza miezi. Daktari alisema upasuaji ungeliokoa, akataja na bei. Siku hizi kaka alimjua mtu kwa sauti tu. Shemeji akimpelekea maji, hupiga honi mbili fupi, moja ndefu, na kaka hutoa komeo huku anacheka.

Saa saba na dakika tano mchana.

Duka lilikuwa limefungwa kwa chakula. Koleo alilimaliza kufuli la mlango wa nyuma kabla Gundi hajameza mate. Mwenye duka alikuwa ndani, anakula kwenye kopo. Koleo akampiga kitako cha bastola, kijiko kikaruka.

"Kabati. Funguo."

Kitabu kilikuwa kwenye kioo, peke yake kama maiti ya mfalme. Gundi alivaa glavu, akafunua katikati, akaupapasa mkunjo. Fundo lilikuwepo. Lake mwenyewe, la ujana wake.

"Ndicho. Twende."

Lakini Koleo alishafungua stoo. Alitoka na boksi lenye utepe wa kiwanda cha chapa, utepe ambao Gundi aliukata kwa meno yake miaka ile. Ndani zilikuwamo Jasusi Kobe, mpya, zimelaliana. Hamsini na tisa.

Mwenye duka alianza kulia, damu ikimwingia mdomoni. "Chukueni hicho kimoja. Hilo boksi liacheni, ndugu zangu. Natoa kimoja kila baada ya miaka mitano. Likitoka lote nimekufa, na nyinyi hampati kitu."

Gundi alielewa pale pale. Mafuriko hayakuwapo. Alikuwepo mtu mwenye subira na stoo kavu.

"Koleo, anasema kweli. Zikiwa nyingi ni karatasi tu."

"Mwenye mali akililia kitu, ujue ndicho chenyewe," Koleo alisema. "Kimoja ni nyumba. Sitini ni mtaa. Beba!"

Gundi alibeba.

Saa tisa alasiri.

Mteja aliwapokea kwenye ua wa ghala lake, geti limefungwa. Kwa kile kitabu kimoja alitabasamu. Kisha Koleo akatua boksi kwa madaha, kama bwana harusi.

Tabasamu likafa.

"Mbili zangu nilizinunua kwa bei ya majumba," mteja alisema taratibu. "Kwa kuwa ni tatu. Hili boksi likionekana mjini, sina kitu. Na nyinyi hamna kitu. Choma."

"Choma?"

"Pipa lile pale. Hamsini na tisa. Au ondokeni nazo mkafungie misumari."

Shemeji alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka.

Gundi ndiye aliyezitia motoni, moja moja. Michoro ya kaka ilijikunja: kobe mwenye kofia, kobe anakimbia, kobe anaaga. Uzi mweusi ulichelewa kuungua. Alikuwa ameushona vizuri.

Saa kumi kasoro robo.

"Nusu bei," mteja alisema jivu likiwa bado moto. "Nitajuaje hamkuficha nyingine?"

Koleo alishika bastola. Walinzi wa mteja, wawili, nao wakashika zao. Gundi aliliona jicho la kaka linakwenda hivi hivi, mbele yake.

"Mzee, sikiliza," alisema haraka. "Mchoraji ni kaka yangu. Yu hai. Atakutilia sahihi. Kikiwa na sahihi yake, bei inapanda mara mbili!"



"Yu hai?" mteja aliuliza. "Nilinunua nikiambiwa ni marehemu. Marehemu hachori tena. Hatii sahihi rundo zima. Hasimami mbele ya watu akasema zilibaki ngapi." Akamgeukia Koleo. "Bei kamili. Lakini nataka awe kama nilivyoambiwa."

Koleo hakufikiri hata kidogo. "Anakaa wapi?"

"Koleo, hapana. Koleo!" Mlinzi alimpiga Gundi magotini, akaanguka kando ya pipa. "Shemeji! Mwambie!"

Shemeji alitazama viatu vyake. Aliutazama mfuko wa pesa, kisha tena viatu.

"Unapajua?" Koleo alimuuliza.

"Napajua."

"Atafungua?"

"Mimi atanifungulia."

"Ni kaka wa mkeo!" Gundi alipiga kelele. "Alikula kwako jana!"

Shemeji aliingia garini bila kugeuka, Koleo kando yake. Mlinzi alimkalia Gundi mgongoni, uso wake ukasukumwa kwenye jivu. Gari lilifika getini, geti likiwa bado limefungwa.

Kwa mazoea tu, Shemeji alipiga honi afunguliwe. Mbili fupi, moja ndefu.