Fukochuma Lililopewa Jina la Minza

Kilomita tatu chini ya ardhi, katika mgodi wa Ng'wanhala, fukochuma, mtambo wa kuchimba, lilikuwa likitafuna mwamba kama ng'ombe anavyotafuna pumba. Ndani yake hapakuwa na mtu. Dereva wake, Minza, alikuwa juu, kwenye chumba chenye kiyoyozi, amevaa glavu-hisi. Akikunja kidole, meno ya chuma yanauma huko chini. Mwamba ukitetemeka, anausikia kiganjani.

Zamani wachimbaji waliamini mwanamke akiingia shimoni dhahabu inakimbia. Mama yake Minza alizeeka akiponda mawe juu ya shimo, haruhusiwi hata kuchungulia. Yalipokuja mafukochuma, wanaume walipunguzwa, kampuni ikaajiri wanawake na kujisifu dunia nzima. Masunga, kaka yake Minza, alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Tangu siku hiyo hakumsemesha dada yake. Minza alimeza uchungu. Angalau alikuwa na kazi.

Asubuhi hiyo meneja Lwitiko aliingia akitabasamu.

"Dada Minza, hebu vua glavu uone."

Akavua. Kwenye skrini, fukochuma liliendelea kuchimba. Lilipofika penye ufa likasita, likagonga mwamba mara mbili, ndipo likauma. Minza akashtuka. Mama yake ndivyo alivyogonga kila jiwe kabla ya kulipasua, na mkono wake mwenyewe ulirithi tabia hiyo.

"Glavu zilikuwa zinajifunza kwenu," Lwitiko alisema. "Sasa linajiendesha."

"Na sisi?"

"Mikataba inaisha Ijumaa. Lakini hatujawasahau, dada. Kila fukochuma litabeba jina na sauti ya aliyelifundisha. Hilo ni Minza. Kwa hiyo nusu ya wafanyakazi wetu bado watahesabika wanawake."

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu alisema, tena meno nje! Waliwafukuza wanaume kwa mgongo wa wanawake, sasa wanawafukuza wanawake na bado wanataka kuwahesabu. Hata haya hawana.

Minza alizitupa glavu miguuni pa meneja.

"Nisikilize, Lwitiko," alisema, kwa mara ya kwanza bila kumwita bwana. "Mama yangu alikatazwa shimo kwa kuwa ni mwanamke. Leo lichuma lenu mnaliita mwanamke, linapewa kazi yangu. Lifute jina langu!"

Lwitiko hakumtazama. Aliigeukia skrini.

"Minza, endelea."

"Ndiyo, bosi," ikajibu sauti yake Minza, laini, kwa unyenyekevu ambao yeye mwenyewe hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote.