Nusu Kichwa cha Bwana Harusi

Kila Jumamosi nafagia nywele kwenye saluni ya baba. Yeye ni kinyozi hodari, na macho yake ni makali. Nikiacha unywele mmoja chini ya kiti, nitausikia wimbo wake mpaka jioni.

Jumamosi moja alikuja bwana harusi. Baba alikuwa amemaliza upande wa kulia tu, mashine ya kunyolea ikakoroma, ikanyamaza. Akabonyeza swichi. Akabadilisha soketi. Wapi!

"Kinyozi, usinitanie," bwana harusi alisema, akijitazama kwenye kioo. "Naoa mchana huu!"

Baba alipiga simu dukani alikoinunua. Sauti ikajibu, "Hatutengenezi, nunua mpya. Na usiifungue, dhamana ya duka itakufa." Baba akakata simu. Mashine ya zamani alishaiuza, na hela ya nyingine hana.

"Nimwite shangazi?" nikauliza.

"Huoni kibandiko kwenye mashine?" baba akanijibu. "Kinasema 'Usifungue'."

Bwana harusi alishika upande wenye nywele. "Mwite, mwanangu! Kimbia!"

Shangazi, dada yake baba, hutengeneza redio na simu mtaa wa pili. Alipomwona bwana harusi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamgeukia baba.

"Kaka, mashine hii umeinunua au umeiazima?"

"Nimeinunua, tena kwa jasho langu."

"Basi ni yako. Dhamana wanaweza kukunyima, sikudanganyi. Lakini si wameshakataa kuitengeneza?"

Baba alikitazama kibandiko, akakibandua mwenyewe.

Shangazi alichomoa plagi, akafungua skrubu. Lo! Hakuna kilichovunjika. Nywele za mtaa mzima zilikuwa zimejisokota kwenye mota.

"Baba," nilisema, "na humu ndani nani hafagii?"

"Nyamaza wewe!" alijibu, lakini alikuwa anacheka.

Shangazi alizitoa kwa brashi, akafunga, akawasha. Mashine ikanguruma vizuri, nami nikaruka kwa furaha. Baba akamalizia upande wa kushoto, na bwana harusi akaondoka amenyolewa kichwa kizima.

"Sikia, mwanangu," shangazi aliniambia akipanga vifaa vyake. "Kitu ukishakinunua, una haki ya kukifungua na kumchagua fundi wa kukitengeneza. Ila chomoa plagi kwanza, na usipojua, muulize anayejua."

Siku hizi nikimaliza kufagia chini, baba hunipa bisibisi na brashi nifagie na ndani ya mashine. Lakini kabla sijafungua, mimi ndiye ninayemkagua yeye kama amechomoa plagi.