Meno ya Mkuu Mstaafu

Jua lilikuwa limeinama nami nafunga karakana. Mkononi nilishika meno ya mwalimu mmoja jirani, ambaye tangu asubuhi alikuwa ananitumia salamu za matusi kwa sababu alitaka kula chakula cha jioni kama binadamu wenzake. Nilipanga kumpelekea, aniombe radhi, kisha nirudi nyumbani kwa mama. Basi.

Gari jeusi likasimama mlangoni, likanikosa vidole vya miguu kwa unywele.

"Wewe ndiye Fundi Meno?"

"Na wewe ndiye uliyejifunza gari jana?"

Dereva hakucheka. "Unaitwa kwa Mkuu Mstaafu. Beba vifaa."

Mimi sizungushi maneno, kwa hiyo nakuambia mapema: yule mzee nilimchukia. Yeye ndiye aliyeanzisha vita vya mto. Alisema redioni vijana wavuke, na vijana wakavuka. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Tulimwita Mwanya, kwa ajili ya pengo zuri la meno yake ya mbele. Kila akitamka neno lenye "s", lilitoka na kimluzi chembamba. Hakurudi. Kikosi chake chote hakikurudi. Hatukupata maiti wala kaburi, wala mtu wa kutuambia walianguka upande gani wa maji. Vita vilipoisha, Mkuu na mwenzake wa ng'ambo walishikana mikono mbele ya kamera, wakavalishana nishani, wakastaafu. Kila akiulizwa habari za vijana wale, alitabasamu na kujibu, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Mama yangu hakuwahi kumlilia mwanawe. Alikuwa hafungi komeo la mlango usiku. Wezi waliingia mara mbili, wakabeba redio na sufuria, na bado hakufunga. "Akirudi akakuta pamefungwa, atanionaje?" Siku zile alikuwa anakohoa, amekonda, na ombi lake kwangu lilikuwa moja tu: "Sitaki kufa kabla sijajua mwanangu kalala wapi."

Kwa hiyo nilibeba vifaa. Meno ya mwalimu nikayatia mfukoni. Nilitaka kumuuliza mzee yule swali moja, macho kwa macho.

Nyumba yake ilikuwa na makelele ya ajabu. Kila chumba tulichopita kulikuwa na televisheni au redio, zote zimewashwa, zote kwa sauti ya mwisho. Huku taarifa ya habari, kule mpira, kule mtu anauza sabuni.

Bintiye alinipokea ukumbini. Mwanamke wa makamo, macho mekundu, nywele hazijaona kitana siku nyingi.

"Samahani kwa makelele, fundi."

"Si uzime tu, dada?"

"Siwezi. Jua halijazama bado, ndiyo maana huelewi."

Akanipa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na seti ya meno ya bandia, imevunjika vipande. Nikaisogeza kwenye taa. Meno ya bandia hulika kwa juu, yanaposagana. Haya kwa juu yalikuwa mapya kabisa. Yalikuwa yameliwa kwa ndani, upande unaotazama ulimi. Na alama zile nazijua, ndiyo kazi yangu. Zilikuwa alama za meno. Madogo, mengi, yamepandana.

Mtu alikuwa anayatafuna kutoka ndani.

"Mna panya humu?"

"Laiti wangekuwa panya." Akanivuta karibu, akanong'ona. "Nataka ututengenezee yanayobana. Yakishafungwa jioni, yasifunguke mpaka asubuhi. Hata yeye mwenyewe asiweze kuyafungua."

"Dada, mimi natengeneza meno. Kufuli zinauzwa dukani."

Machozi yakamlenga. Ndipo akaniambia, kwa vipande vipande, kama mtu anayetoa miba. Wakati wa vita baba yake alikwenda kwa mtu fulani, mtu wa dawa. Akapewa kitu kidogo, mfano wa mbegu, akiweke chini ya ulimi. Akaambiwa: lolote utakaloficha kuhusu vita hivi, hakuna atakayekudai. Lakini halitaondoka. Litakaa hapo hapo kinywani.

"Meno yake mwenyewe yaliyazuia miaka yote hii," alisema. "Sasa yameng'oka. Jua likizama..."

Akanishika mkono, akanivuta mpaka chumba cha baba yake.

Mkuu Mstaafu alikuwa ameketi chumbani, kwenye kiti kikubwa kuliko yeye. Kitambaa cheupe kilipita chini ya kidevu chake, kikafungwa fundo utosini, kama wanavyofungwa maiti taya zisianguke. Umri wake ulistahili shikamoo. Ulimi wangu ulikataa.

Na ile harufu... Tope la mto. Buti zilizolowa. Baruti.

Nikainama mpaka pua zetu zikakaribiana. "Mzee, kaka yangu alivuka na kikosi cha kwanza. Wako wapi?"

Alinisikia vizuri. Niliona macho yakitikisika. Kisha yakanihama taratibu, yakaenda kwenye televisheni, kwa yule muuza sabuni.

"Fundi, chukua kipimo tu," bintiye akasihi. "Tafadhali. Jua."

Nikafungua fundo. Nikachukua kipimo cha fizi kwa plasta, ikakaza, nikaitoa, nikaiweka kando. Ikabaki sahani ya nta, aiume, nijue taya zinavyokutana. Nikaipasha, nikaiingiza, nikasogeza ulimi wake kwa kidole ili nta ikae sawa.

"Uma, mzee."

Kidole changu kikaumwa.

Nielewe vizuri. Mzee hakuwa na jino hata moja. Nimeshika fizi zake zote kwa mikono hii. Na kidole changu kiliumwa, si mahali pamoja, bali pande zote.

Nilikichomoa pamoja na nta. Wakati huo huo mwanga wa jua ukazimika kwenye pazia, na umeme ukakatika nyumba nzima. Mpira, habari, sabuni... kimya.

Kwanza nilidhani ni mvua ya mbali. Kisha soko lililo mbali. Minong'ono, mamia, imebanana. Midomo ya mzee ilikuwa wazi kidogo tu na haikusogea. Minong'ono ilitoka humo.

"Walisema daraja lipo..."

"Liko wapi daraja?"

"Maji yamenifika shingoni, afande... afande..."

"Alijua. Alijua limeshavunjwa..."

Na chini kabisa, kimluzi chembamba.

"Pilipili... sisi tuko..."

Pilipili ni mimi. Aliyeniita hivyo duniani alikuwa mmoja.

"Mwanya!" nikapiga kelele. "Sema! Mko wapi?"

Bintiye akarukia kile kitambaa. Lakini hata kabla hajafika, mzee mwenyewe aliinua mikono yake yote miwili, akashika kidevu, akakisukuma juu. Kwa nguvu. Mishipa ilimsimama shingoni. Angeweza kufungua kinywa kile. Nguvu alikuwa nazo, nilizishuhudia. Alizitumia kufunga.

"Fungua!" Nilimshika mabega nikamtikisa, mzee wa watu, na sijuti. "Fungua mdomo wako! Hao si wako! Hao wana mama zao!"

Alinitazama juu ya vidole vyake. Hayakuwa macho ya mtu anayeteswa. Yalikuwa macho ya mtu anayesubiri mgeni aondoke.

"Toka!" bintiye alilia. "Mlinzi! Asitoke na kitu! Hata kipande!"

Miguu ikaja mbio ukumbini. Nikakusanya vifaa gizani, mkono mmoja begi, mkono mwingine plasta. Sasa, kazi hii mimi sikuisomea; nilifagia kwa daktari wa meno, nikatazama, nikaiba kwa macho. Lakini nilijifunza pamoja na tabia moja mbaya: mikono ikijaa, nta naishika kwa meno, kama fundi cherehani anavyobana pini. Daktari alikuwa ananifokea kila siku, "Ipo siku utameza kinywa cha mtu!"

Ile sahani ya nta nikaitia kinywani. Nzima. Nikaisukuma kwa ulimi mpaka ikakaa kwenye kaakaa.

Ilikuwa ya moto. Ilikuwa inatikisika.

Mlinzi alinikamata langoni na tochi. Akaichukua plasta, akaitupa chini, akaisaga kwa buti. Akamwaga begi langu. Akaingiza mkono mfukoni mwangu, akatoka na meno ya mwalimu, akayaachia kama yamemchoma.

"Ya nani haya?"

Nikainua mabega.

"Nakuuliza, umesikia nini mle ndani?"

Fikiria. Mimi. Mtu ambaye majirani hufunga madirisha nikianza. Nilitikisa kichwa. Nilisimama pale nimefumba mdomo kama Mkuu Mstaafu mwenyewe, na ile nta inanisukuma meno kwa ndani... inasukuma... inabisha hodi.

Mlinzi akaridhika. Akanirudishia begi na meno ya mwalimu. "Vizuri. Mwenye busara. Yaliyopita si ndwele."

Ilibaki kidogo nimtemee usoni.

Nilitembea mpaka nyumbani bila kupumua kwa mdomo. Mlango ulikuwa wazi, kama siku zote. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, taa pembeni, anachambua mchele, na aliponiona akaanza kunigombeza kwa kuchelewa. Nikainama nimtemee nta kiganjani, nimwonyeshe, nimweleze.

Nta haikuwepo.

Nikaingiza kidole. Kaakaa tupu. Kulikuwa na ladha ya tope, na maji, maji yanapanda kooni. Kisha kinywa changu kikafunguka. Sikukifungua mimi.

"Mama."

Ungo ukamwanguka. Sauti ilikuwa na kimluzi hata pasipo na "s". Ilikuwa inatafuta pengo katika meno yangu isilipate.

"Mama, sikufika ng'ambo. Daraja halikuwepo. Tulisukumwa tu, wa nyuma wakitusukuma wa mbele. Sisi sote tuko kwenye kona ya mto, chini ya jabali lililopasuka, upande wetu huu huu. Si mbali, mama. Usinisubiri. Funga mlango. Baridi inakuingia."

Mama hakunitazama mimi, alitazama kinywa. Akainuka, akishika ukuta.

Akafunga komeo.

Ndipo akalia. Kilio cha miaka yote ile, nyumba nzima ikatetemeka. Nilipoweza kuusogeza ulimi wangu tena, niliona kitu kigumu juu yake. Nikakitema. Jino langu la mbele. Jeupe, safi, bila tone la damu.

Asubuhi yake mama, pamoja na kikohozi chake, alichukua jembe. Majirani walimfuata kwa kumwonea huruma. Waliporudi walikuwa wamebeba buti, vifungo vya mikanda, na mifupa ndani ya mashuka. Mwanya tumemzika nyuma ya nyumba. Tulimjua kwa taya.

Nyumba ya Mkuu Mstaafu ilitoa taarifa ya mstari mmoja: mzee hana la kuongeza. Nasikia sasa anakaa kinywa wazi, mchana na usiku, na humo hamna kitu tena. Bintiye amezima televisheni zote.

Kwa sababu sauti zimekuja kwangu. Chini ya ulimi wangu kuna kitu kidogo, kigumu, mfano wa mbegu. Sijui kilibebwa na nta, au kilichoka pale kilipokuwa kikajihamia chenyewe. Nimejaribu kukitoa kwa koleo. Kinashika.

Naogopa? Naogopa. Usiku nawasikia wakisukumana. Wengine si wa kikosi kile. Wengine wanazungumza lugha ya ng'ambo. Na kuna mmoja hasemi neno, anapumua tu, karibu sana na meno, na sijui ni wa nani.

Lakini kila jioni karakana yangu imejaa. Wanakuja akina mama, wajane, wazee wawili watatu wanaojifanya wameleta meno kutengenezwa. Wanakaa. Jua likizama nafungua kinywa. Wanasikia walichonyimwa na watu wenye nyumba kubwa. Kila sauti ikishatoka, natema jino.

Mwalimu, ambaye siku hizi anatafuna vizuri na kunishauri bure, ameniambia, "Binti, funga kinywa hicho, utabaki kibogoyo."

"Mwalimu," nikamjibu, "nani kakwambia fundi meno anakosa meno?"

Jana jioni gari jingine lilisimama mlangoni. Lina namba za ng'ambo ya mto. Dereva alishuka kwa adabu, kofia mkononi. Alisema Mkuu Mstaafu wa kwao naye anasumbuliwa na meno. Seti zinavunjika. Familia inataka yanayobana.

Ile mbegu ikajigeuza chini ya ulimi wangu. Wote mle ndani wakanyamaza... kama watu waliosikia hatua mlangoni.

Nikamwambia asubiri nipashe nta.