Isha ya Moose Jaw

—Umesema umeshaswali nini?

—Isha, habibti. Huku saa mbili usiku, giza totoro.

Wadha alikaa kitako juu ya mswala. Kwao, katika mji wa Ibra, ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Juni. Kwa miezi minane mchumba wake, Hazim, alikuwa akimpigia simu kutoka Moose Jaw, mji mdogo wa Kanada alikokwenda kusoma. Ijumaa ijayo wangefunga ndoa, kisha waondoke wote. Kwa hiyo Wadha aliusoma mji ule kama mtihani: reli iliyofika mwaka 1882, mto na kijito vinavyokutana hapo, ngano juu ya nchi tambarare. Na nyakati za sala, asije akazikosa.

—Hazim, Juni huko jua linazama saa tatu na robo. Umeswali Isha jua linawaka?



—Labda nimechanganya...

—Tazama dirishani. Unaona nini?

—Milima tu.

—Milima ipi? Moose Jaw ni tambarare mpaka macho yachoke! Uko wapi? Sema, au wallahi namwita baba!

—Bidbid.

Mama yake Wadha, Bi Badria, aliyeisikia simu kwa spika, aliacha kumimina chai.

—Bidbid hii yetu, mwanangu? Ya njia panda?

—Hii hii, mama!

Hazim akaanza kulia. Viza alinyimwa. Aliona haya kumwambia baba yake Wadha, aliyekwishamsifia kwa watu. Akapata kazi kwenye duka la kando ya barabara.

—Duka gani?

—La vinywaji, karibu na pampu ya petroli.

—Nimeshuka hapo mara mbili kununua maji!

—Nilikuona.

—Ukafanya nini?

—Nikajificha nyuma ya friji.

—Na mimi narudi garini nakuombea dua, Mungu akukinge na baridi! Njoo Ibra sasa hivi. Umwambie baba kwa mdomo wako.

Alipofika, Bi Badria alimfungulia mlango.

—Shikamoo, mama.

—Marahaba. Theluji haijambo?

Kwenye majlisi ya wageni, mbele ya baba, Hazim alisema yote, kichwa chini. Baba akamgeukia binti yake.

—Watu hunyimwa viza, Wadha. Unasemaje?

—Viza nimemsamehe, baba. Namwomba Mungu anisaidie nisimchukie. Lakini aliniona kwa macho yake, akachutama pale mpaka nikaondoka.

—Wadha, nilikuwa na...

—Nyamaza! Baba, wapigie watu simu. Ijumaa wasije.