Tangi Lisilo na Koki

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo kiasi kwamba Dervla aliona haya kuisema. Aliwasha hita ya maji saa kumi na moja jioni ili amwogeshe mtoto, na saa kumi na mbili alipofungua bomba, maji yakaja baridi ya kukata vidole. Akapanda kwenye kabati la joto, lile la ghorofani ambamo tangi la shaba limejibanza na nguo za mtoto hukaushwa juu yake, akakuta swichi imezimwa. Akamlaumu mumewe. Malachy akaapa hajagusa kitu.

Kesho yake ikatokea tena, na keshokutwa vilevile. Katika nyumba ile alipata kuwapo mtu mmoja tu mwenye ugonjwa wa kuzima swichi ya hita, naye alikuwa amezikwa wiki saba nyuma: Philomena Mulvey, mama yake Malachy. Mwanamke yule alilea watoto sita kwa kelele moja, "Nani ameacha hita inawaka?" na hata alipokuwa hawezi kuinuka kitandani aliisikia ile swichi kupitia ukuta. Alikuwa mkali, lakini Dervla alimpenda. Miezi ile ya mwisho alikuwa akimpapasa tumbo na kumwambia, "Huyu nitamwogesha mimi mwenyewe. Wewe utamuunguza." Alikuwa na namna yake ya kuogesha: anapima maji kwa kiwiko, anagonga ukingo wa beseni mara tatu kwa kidole chenye pete, ndipo mtoto anaingia. Alifariki siku nne kabla Fiachra hajazaliwa.

Baada ya swichi ikaja harufu. Maji ya moto yalinuka peremende, zile nyeupe kali ambazo bibi alikuwa akizimumunya kanisani. Kisha ukaja mlio ndani ya tangi, ngo, ngo, ngo, halafu kimya, na kila mara ulikuja wakati Dervla amemshika mtoto juu ya maji. Mabomba ya zamani hugonga, Malachy alisema, na kweli hugonga, lakini hayahesabu. Kilichomtia Dervla hofu hasa ni mtoto. Fiachra alikuwa mlizi, analia akibadilishwa nepi, analia akivishwa soksi, ila akiingia majini alinyamaza, akageuza shingo kuelekea ukuta wa kabati la joto na kuutabasamia. Akitoka hapo alikuwa wa baridi hata maji yakiwa ya moto, na hakutaka ziwa mpaka asubuhi. Dervla akaacha kumwogesha, akawa anampangusa tu kwa kitambaa, lakini kitambaa nacho kililoweshwa maji yaleyale. Muuguzi wa kliniki akampima mara mbili, akaangalia kadi yake, akasema uzito unashuka, na kwamba ukishuka tena Jumatatu atampeleka hospitali ya Sligo.

Dervla akavuka shamba kwenda kwa Bina Gaffney, ajuza aliyekuwa akiosha maiti wa eneo lile lote. Bina hakumuuliza habari za mtoto. Aliuliza, "Maji mliyamwaga?"

Waliyamwaga. Kila mtu upande ule wa Leitrim anajua kwamba mtu akifia ndani, maji yote yaliyokuwa yamesimama nyumbani saa ile lazima yatoke, kwa sababu roho huoga humo kabla ya safari, na ikiyakuta maji yake bado yapo haioni sababu ya kuondoka. Dervla mwenyewe, na tumbo lake lile, alimwaga birika, ndoo, vyombo vya maua na bakuli la mbwa.

"Na ya kwenye kabati la joto?"

Dervla akajibu kwamba yale wameshayatumia wiki saba, yameisha zamani. Bina akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyejibu hesabu haraka.

"Kamuulize fundi, mwanangu. Halafu rudi."

Fundi bomba, Jarlath Kilbane, alikuwa mtu wa maneno mengi na spana chache. Alieleza kwa raha zake: maji ya moto hutokea juu ya tangi, ya baridi huingilia chini kutoka tangi la darini, kwa hiyo tangi daima limejaa. Fungulia bomba mpaka siku ya kiyama, litabaki limejaa, na yaliyolala chini kabisa pamoja na tope lake yatabaki palepale. Ili liwe tupu unahitaji koki ya kutolea maji. Akalala kifudifudi, akamulika kwa tochi, akapapasa chini ya tangi, akapapasa tena.

"Nani alifunga kitu hiki, mama?"

Alifunga baba yake Malachy, marehemu Packie, mwaka wa sabini na nne, kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa hakuna fundi aliyemfaa. Packie aliona koki ya kutolea maji ni anasa. Nani atataka kulitoa maji tangi zima? Mungu amrehemu, lakini watu wa aina hiyo hufa mapema na kuwaachia wengine uhunzi.

Bina akatoa masharti matatu. Maji yamwagwe pasipokanyaga mtu wala ng'ombe, nyuma ya tuta la mpaka. Kabla hayajatoka, mtu apige kelele ya kuwaonya wasioonekana wapishe njia. "Na lisiingie kinywani mwa mtu hata tone moja. Likiingia, atakuwa amempa mlango."

Malachy alisikiliza yote hayo akiwa amesimama dirishani. Hakuwa amelia mazishini, wala baadaye. Alikuwa mwoga hata wa kumshika mwanawe majini, akisema mikono yake ya kuendeshea lori la maziwa ni mizito mno.

"Ni mama yangu, Dervla," akasema. "Si panya."

"Najua ni mama yako. Na huyu ni mwanao. Jumatatu anapimwa."

Akakubali.

Jumamosi wakaanza saa tatu asubuhi, na mpaka saa sita walikuwa hawajatoa hata kikombe. Nati ya bomba la chini ilikuwa imeshikana na shaba kwa kutu ya kijani. Jarlath alipoikazia nguvu, tangi zima likaanza kujikunja, akaiacha haraka. Nati ya hita, juu, akaipasha kwa moto, akaipiga nyundo, akaisemesha maneno ambayo padri wake hayajui, ikakataa. Alikuja na pampu ya mkono, mpira wake wa ndani ukapasuka mara ya tatu alipovuta. Dervla alitamani kulipiga teke tangi. Alikaribia kulia kwa hasira, si kwa woga, maana hasira ndiyo iliyokuwa karibu zaidi. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Njia iliyobaki ilikuwa moja. Jarlath akafunga maji ya darini, akafungua bomba la juu, akateremsha mpira mwembamba ndani ya tangi mpaka ukagusa tope, na upande wa pili akautoa dirishani, ukashuka ukutani na kuvuka bustani hadi nyuma ya tuta. Mpira kama huo, maji yakishaanza kuteremka, hujivuta yenyewe. Kazi ni kuyaanzisha, na mafundi wote wa dunia huyaanzisha kwa mdomo. Dervla akamkumbusha sharti la Bina. Jarlath akacheka, akasema sawa, tutaujaza mpira maji ya birika, tuzibe kwa kidole, tuachie. Wakaujaza. Malachy kule nyuma ya tuta akapiga kelele ya onyo, sauti ikiwa na haya, akaachia. Maji ya birika yakatoka, hewa ikaingia, basi. Wakarudia mara ya pili, ya tatu, ya sita. Kila mara mpira ulipotaka kushika, tangi liligonga mara tatu, na hewa ikaingia. Saa tisa na nusu mwanga wa Desemba ulikuwa umeanza kuondoka. Jarlath akasema huenda kiungio kinavuja, akateremka kwenye gari lake kutafuta kingine.

Dervla akabaki peke yake mbele ya kabati, ameushika mpira kwa mikono miwili, na nyuma yake, katika kikapu kitandani, Fiachra akanyamaza. Hakugeuka kumtazama kwa sababu alijua tayari amegeuza shingo upande gani, na harufu ya peremende ikapanda kutoka kwenye lile tundu la juu la tangi, kali mpaka machozi yakamtoka, na ndani mle, chini kabisa kwenye tope, kitu kikajizungusha taratibu kama mtu mzima anayejigeuza kwenye beseni dogo, kikagonga, ngo, ngo, ngo, si ukingoni tena bali pale hasa alipokuwa ameegemeza goti, halafu ikaja pumzi, ndefu, yenye subira, pumzi ya mtu anayepandisha mikono ya blauzi yake kabla ya kazi, na Dervla akajikuta anasema kwa sauti ndogo, mama, tafadhali, mama, mwache, ni mdogo, huku mpira ukianza kutetemeka viganjani mwake.

Kisha ukavutwa. Ulivutwa kwa nguvu kutoka chini, mara moja, na maji yakashika. Aliyasikia yakipita ndani ya mpira, mazito, bila kukatika, yakishuka ukutani kwenda nyuma ya tuta. Hakuuliza yameshika vipi. Alikaa sakafuni akilia kwa furaha, huku tangi likishuka sauti kidogo kidogo, mpaka mwisho likatoa mlio mmoja wa kumeza, likawa tupu.

Kitandani, Fiachra akaanza kulia. Dervla hakuwahi kusikia kilio kizuri kama kile. Akampa ziwa palepale, naye akanyonya kwa pupa kama mwenye njaa ya wiki nzima.

Waliling'oa tangi la Packie, jepesi sasa, wakalitupa uani. Jipya, alilokuja nalo Jarlath garini, likafungwa kabla ya saa moja, na chini yake koki ya shaba inayong'aa, ambayo Dervla aliifungua na kuifunga mara nne kwa raha tu. Aliwasha hita. Swichi ikabaki imewaka. Maji yalipotoka bombani hayakunuka kitu. Akamlaza mtoto kwenye kikapu, akashuka jikoni kumtengenezea Jarlath chai na mkate wa soda, akiwa mwepesi kuliko siku yoyote tangu ajifungue.

Malachy hakutaka chai. Alisema yeye atapanda akamwangalie mtoto, na Dervla akafurahi pia kwa hilo.

"Mumeo ana pumzi," Jarlath akasema, akipaka siagi. "Mimi ningekata tamaa."

"Pumzi ya nini?"

"Hukumwona? Nilikuwa kwenye gari. Akautupia mpira tusi moja, akautia mdomoni, akavuta kama ndama. Nikamwambia tema, mwanamume, hayo maji ya miaka hamsini. Akasema ameshameza."

Dervla akaweka birika mezani. Juu yao, kwenye kabati la joto, swichi ikalia tiki.

"Nani ameacha hita inawaka?" Sauti ilikuwa ya Malachy, nzito, ila imetoka na ule mkokoto wa mwisho ambao haukuwa wake. Jarlath akacheka, akidhani ni utani wa nyumbani. Dervla alikwisha fika nusu ya ngazi. Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani, na chini ya mlango ilitoka harufu ya peremende. Akapiga kwa viganja, akaita Malachy, Malachy, kisha akaita jina jingine.

"Nenda kapumzike, mwanangu," sauti ya ndani ikamjibu, kwa upole. "Huyu nilisema nitamwogesha mimi mwenyewe."

Fiachra alikuwa akilia. Maji yakachuruzika bombani, yakafungwa. Pakapita kimya kidogo, cha mtu anayepima kwa kiwiko. Kisha pete ya ndoa ikagonga ukingo wa beseni mara tatu, na mtoto akanyamaza.