Tundu la Mkuyu

Kitu kilianza kudondoka juu ya bati asubuhi ambayo mbingu ilikuwa kavu kabisa. Verediana alitoka uani na ungo wake mkononi, akatazama juu, akaona tone jeupe likiteleza kwenye mgongo wa bati, likaning'inia ukingoni, likaanguka mbele ya miguu yake. Aliligusa kwa kidole. Lilikuwa zito, lina moto, na lilinuka majani mabichi yaliyopondwa.

"Utomvu tu," alijiambia. Mkuyu umekatwa juzi, lazima utoe utomvu. Lakini juu ya bati lile hapakuwa tena na tawi hata moja.

Tawi lenyewe ndilo lililoleta balaa. Nyumba ya Verediana ilikuwa ya kwanza kuezekwa bati katika vilima vile vya juu ya Ilula. Mwanawe Joachimu, aliyefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Makongolosi, ndiye aliyemwezekea, na mama mtu aliringa mpaka majirani wakachoka kumpongeza. Kabla ya kukatwa, tawi nene la mkuyu wa uani lililalia bati hilo, likilichafua kwa kuyu zilizooza na mavi ya popo, na mjukuu wake wa kwanza, Liberatusi, alikuwa karibu kubatizwa. Wageni wangekuja kula uani pale pale. Verediana hakutaka waone uchafu.

Alimwita kwanza Mzee Sedekia, mkata miti ambaye pia aliganga watu. Mzee aliuzunguka mkuyu, akaupigapiga kwa kiganja huku ametega sikio.

"Huu una mwenyewe ndani, Mama Joachimu," alisema. "Akikaa ndani hana ubaya. Ngoja majani yapukutike, nitakuja. Tawi kubwa hivi unaanza kulikata kwa chini, halafu juu, lisichane gome. Kisha unaondoa kisiki cha tawi pale panapovimba, bila kugusa shina. Hapo mti unafunga kidonda wenyewe. Ukiuchana, umemfungulia mlango."

"Majani yapukutike lini, mzee, na ubatizo ni Jumapili?"

Mzee alinyanyua mabega, akaondoka zake. Verediana akamwita mdogo wake Tadeo, ambaye ujuzi wake wote wa miti ulikuwa kupasua kuni na kujisifu.

Hata hivyo Tadeo, pamoja na mdomo wake, aliogopa kuruka desturi. Jioni aliegesha shoka kwenye shina. Likikutwa limesimama asubuhi, mti umekubali. Likikutwa chini, umekataa, na hakuna mtu wa vilima vile ambaye angeugusa tena. Alfajiri Verediana aliwatangulia wote kuamka, akalikuta shoka limelala kwenye umande, mbali na shina, makali yameelekea mlango wake. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akaliokota, akaliegesha vizuri, akaenda kuwasha moto wa uji.

Tadeo alikata kwa juu tu, akipiga kama anayeua nyoka. Kabla hajafika nusu tawi lilivunjika kwa uzito wake, likachana gome kuanzia juu hadi usawa wa kiuno cha mtu. Ili kuficha aibu akapanda, akakata na kilele chote, akisema mti mkubwa lazima upunguzwe kichwa. Mpumbavu akiwa na shoka mkononi hakosi sababu. Jeraha likabaki wazi, jeupe, linatiririka.

Ubatizo ulipita salama. Watu walikula, wakalisifu bati. Kisha matone yakaanza, na siku hiyo hiyo Liberatusi akakataa ziwa la mama yake.

"Mama, mtoto hanyonyi," Juliana, mke wa Joachimu, alimnong'oneza mkwewe.

"Mtoto mnene hivi, hanyonyi?"

"Ndiyo maana naogopa. Hanyonyi, na ananenepa."

Verediana alimpakata mjukuu. Kweli alikuwa mzito kuliko jana, na pembeni mwa midomo yake palikuwa na utando mweupe unaonata. Aliunusa. Majani mabichi. Watu wa pwani wangesema jini. Kule vilimani walisema mwenye mti, na walisema kwa sauti ya chini.

Ikaja siku ya ukungu, ule unaopanda kutoka bondeni mchana na kuufanya mji mzima upotee. Verediana alikuwa jikoni akikoroga mboga aliposikia, kutoka chumba alicholazwa mtoto, sauti ya kumeza, ndogo, ya kushiba, na kwa kuwa alijua Juliana yuko shambani aliweka mwiko chini na kutembea taratibu akishika ukuta, huku ile harufu ikizidi kumjaa puani na kooni, mpaka alipofika mlangoni na kuona kwamba ukungu umeingia kwa dirisha, na ndani ya ukungu kuna mkono mrefu wenye ngozi ya gome umepita katikati ya fito za dirisha, na mwisho wa mkono huo hapakuwa na vidole bali kitu laini, cheupe, kinachodondosha, na mjukuu wake amekishika kwa mikono yote miwili, ananyonya huku macho yake yakimtazama yeye bibi yake kwa furaha kabisa.

Hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume hadi uani, akakimbia kumfuata Mzee Sedekia.

Mzee alikuja na msumeno na shoka lake. Alilitazama jeraha, akatikisa kichwa, akawaita wote chini ya mti: Verediana, Tadeo, na Juliana aliyembeba mwanawe.

"Shoka liliegeshwa?" aliuliza.

"Liliegeshwa," Tadeo akajibu. "Asubuhi nililikuta limesimama. Namwapia Mungu."

"Na wewe, mwenye nyumba?"

Verediana alianza kukunja upindo wa kanga yake.

"Nisikilizeni," mzee alisema polepole. "Kama lilisimama, mti ulikubali, na huyu ametoka kwa sababu mlango ulichanwa tu. Nitasafisha jeraha, nitaziba, atarudi ndani peke yake. Kama lilianguka, sithubutu kuziba. Nikiziba, atarudi ndani na mtoto anayemlisha. Badala yake itabidi mhame, nyumba na bati muuachie mti. Mtoto atapona. Sema, mama. Lilisimama?"

Juliana alimtazama mkwewe kwa macho ya mtu aliyezama. Verediana alilitazama bati. Aliwaza vicheko vya majirani, aliwaza kujenga upya kwa nyasi katika umri wake, akajiambia kwamba wazee hawa hupenda kutisha watu.

"Lilisimama," alisema.

Sedekia alifanya kazi mpaka jua likainama. Alikata visiki vyote pale panapovimba, akalainisha kingo za gome lililochanika, akakandika udongo, akaacha tundu dogo chini la kutolea maji. Alipopiga kiganja cha mwisho, Juliana alisema kwa mshangao, "Amekuwa mwepesi." Liberatusi alikuwa mgongoni mwake, macho wazi, mkavu kama gogo la mwaka jana.

Joachimu alikuja, akamzika mwanawe, akarudi machimboni bila kumwangalia mtu usoni.

Kidonda cha mkuyu kilipona vizuri mno. Gome liliviringa kutoka pembeni, likanenepa, na lile tundu likazidi kuwa dogo. Ndani yake mtoto alilia. Juliana ndiye aliyesikia kwanza. Akahamishia mkeka wake chini ya mti, na kila asubuhi alikamulia maziwa yake tunduni, kilio kikatulia. Verediana alitangaza kwamba mkwe amerukwa na akili, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akisikia kila kitu. Alijifunika kanga masikioni, akasikia.

Na mtoto yule alikuwa anakua. Kilio kikawa kubwabwaja, kubwabwaja kukawa maneno. Alisema "mama," na Juliana akacheka kwa mara ya kwanza tangu maziko. Baadaye, asubuhi moja Juliana akiwa mtoni, Verediana alikuwa anafagia uwanja, sauti ikatoka tunduni, taratibu, kama mtoto anayejaribu hatua yake ya kwanza.

"Bibi. Shoka."

Ufagio ulimdondoka.

"Bibi. Shoka. Chini."

Verediana alitazama njia ya mtoni. Hapakuwa na mtu. Akakanda udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, akapiga magoti penye shina, akaanza kuujaza tunduni kwa dole gumba. Ndani, midomo midogo ya moto, isiyo na meno, ililishika dole lake, ikaanza kunyonya.

Alibaki hivyo kwa muda, machozi yakimtoka, maana alimpenda mjukuu wake. Kisha akausukuma udongo hadi mwisho, akaulainisha kwa kiganja, akaenda kunawa.